Kidole Gumba

Simu ilikikataa kidole gumba cha mwenyewe.

"Bonyeza vizuri, baba Sabra, uone picha za mwanao," mkewe alimhimiza. Mwaka mzima alikuwa akiichaji simu hiyo, akimngoja mumewe arudi kutoka kwenye mikoko ya Salale, alikohamia na watu walioapa kuachana na mashine.

Akamshika mkono amsaidie. Ncha za vidole zilikuwa laini, ziking'aa kama kamba waliomenywa, bila mstari hata mmoja.

"Tulijiunguza wenyewe kwa makaa," mume alisema kwa upole. "Hakuna mashine inayonijua tena."

"Mimi inanijua, baba," Sabra akadakia, akaweka kidole chake kidogo. Simu ikafunguka.

Baba mtu akakipapasa kile kidole kwa muda mrefu. Kisha, pasipo kuinua macho, akalivuta karibu jiko la mkaa lililokuwa likiwaka.