Tundu la Nne

Kerrin alichomoa pini ya waya wa kulia wa mashua ya Wal Hoskin, akatazama nyuma, kisha akahesabu matundu ya bamba linaloushika waya ule. Pini ilikuwa tundu la nne, palepale ilipokuwa mwaka jana na miaka yote ambayo mzee yule amekuwa akibeba kombe la mbio za Pasaka hapa ziwani Tuggerah.

Kwenye katamarani ndogo kama hizi, mashua za matumbo mawili, mlingoti unashikwa na waya mmoja kila ubavu, na mbele kamba ya tanga dogo. Kerrin alikuwa ameshailegeza kamba, pini ipate kuchomoka. Ukipandisha pini matundu mawili upande mmoja, waya unalegea, mlingoti unalala na mashua inajikokota. Hazami mtu. Anashindwa tu, tena mbele ya watu, na Kerrin alitaka hivyo hasa. Akaipachika pini tundu la sita.

Mwaka jana Wal alimgonga kwenye boya la kugeuzia. Mashua ya Kerrin ilipasuka ubavu, naye akavunjika mtulinga. Mbele ya kamati mzee alisema neno moja tu: "Sikumwona." Mchana kweupe, na tanga la Kerrin ni jekundu kama pilipili. Kamati nayo ikasema Kerrin alichelewa kupandisha bendera ya malalamiko, kesi ikaishia hapo. Apandishe bendera kwa mkono upi, hakuna aliyeuliza. Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja: watu wote wajue kuwa Wal Hoskin ni mwongo.

Na kiburi alikuwa nacho. Ukimpungia mkono hajibu. Miwani nyeusi havui hata mvua inyeshe. Kushuka ufukweni lazima amshike bega mkewe, Noeline, utadhani ni bwana harusi, na wakiwa majini Noeline hafungi mdomo: kulia kuna mmoja, kushoto upepo unakuja. Watu walisema amemfanya mwanamke wa watu tarishi.

Asubuhi ya leo, wenzake walipokuwa wakipima mkazo wa nyaya kwa vipimo vyao vya duara kama saa, Wal alikuwa akidonoa waya kwa kidole na kuinamisha sikio, kama mpiga gitaa.

"Umekaza mno, mzee," Kerrin alimwambia. "Mlingoti utakuvunjikia kichwani."

"Kichwa ni changu. Nenda kapime na kile kisaa chako."

"Mwaka jana hukuniona. Leo utaniona."

"Basi punguza mdomo, dada. Nasikiliza waya hapa."

Waliokuwa karibu walicheka. Kicheko kile kilimkaa Kerrin masikioni mpaka saa sita, watu wote walipokwenda kupanga foleni ya soseji, na mashua zikabaki peke yao mchangani. Kugusa mashua ya mwenzio pale ni kosa la kufukuzwa katika chama cha mashua. Alilijua hilo, na hakujali.

Sasa alibakiza kurudisha ile pete ndogo inayozuia pini isichomoke, kisha akaze kamba. Alikuwa ameishika kwa vidole viwili alipomwona Wal anarudi, peke yake, polepole, akigusa pua ya kila mashua aliyoipita, moja baada ya nyingine, kana kwamba zote ni mali yake. Pa kukimbilia hapakuwepo. Liwalo na liwe, Kerrin alijiambia, akasimama wima.

Wal aligusa pua ya mashua ya saba, iliyokuwa yake, akazunguka mpaka ubavuni. Alisimama hatua mbili kutoka kwa Kerrin, akadonoa waya. Waya haukulia.

Kerrin aliyapanga maneno yake. Ndiyo, ni mimi, kaniitie kamati, na wewe uwaambie ukweli wa mwaka jana. Alisogeza mguu, mchanga ukalia, na uso wa mzee ukamgeukia sawasawa. Kwenye miwani ile nyeusi Kerrin alijiona mwenyewe, pete ikimeta mkononi.

"Noeline," Wal alisema kwa sauti ya chini, "huu waya umelegea, hebu nirudishie tundu la nne. Halafu uniambie yule Kerrin atakuwa upande gani leo. Sitaki kumgonga tena."