Jukwaa la Ndege Walimu wa Ughaibuni

Alikuwapo Korongo mmoja aliyefungua jukwaa mtandaoni kwa ndege waliokwenda kufundisha ughaibuni. Mwanzoni waliulizana kila kitu, kuanzia viza hadi mahali pa kupata kumbikumbi. Kisha wakanyamaza mmoja mmoja, akabaki Korongo akijisalimia na kujiitikia. Alipochoka akaandika, "Wenzangu, kesho nafunga."

Jukwaa likafurika. Hondohondo, aliyekuwa kimya miaka mitatu, alilia, "Mwalimu, hapa ndipo nyumbani! Usitutupe!"

Korongo akalainika moyo. "Basi sifungi. Nani atanisaidia kuliendesha?"

Kimya. Mwishowe Hondohondo akauliza, "Mwalimu, ulisema unafunga saa ngapi vile? Nimeandaa hotuba ya kuaga."

Korongo akalifunga papo hapo, hotuba haijasomwa.