Picha Iliyotazama Ukuta

Binti alipoingia sebuleni kuichukua picha ya tembo, aliikuta imegeuzwa tena, uso ukutani, mgongo kwa wageni. Alicheka peke yake, ingawa moyoni hakuwa na furaha. Kesho yalikuwa maonyesho ya mwisho ya baba yake. Macho ya mzee yalikuwa yanaisha nguvu, baada ya miaka arobaini ya kuzunguka na kamera katika nchi za watu, na mama alikuwa ameshikilia kwamba haendi.

Sababu ilijulikana nyumba nzima: mama alimwonea wivu tembo. Ulikuwa utani wao wa miaka mingi. Kabla ya picha ile, mumewe alikuwa mpiga picha za pasipoti tu, mwenye pazia la bluu na stuli moja. Picha ikampa jina, na tangu hapo akawa mtu wa kufunga mabegi na kufungua mabegi.

Kisa chenyewe kila mgeni alikisikia. Mzee alikuwa na mwaka mmoja wa ndoa gazeti lilipomtuma mbugani, safari yake ya kwanza, wiki moja tu. Siku ya nne wakamkuta tembo jike amesimama karibu na dimbwi, kando ya mtoto wake aliyekufa. Hakula wala hakunywa. Alimrushia mtoto vumbi, akamfunika kwa matawi, akamgusagusa kwa mkonga kana kwamba anamwamsha. Redio ya gari ilikoroma mara mbili, ikimtaka mpiga picha arudi kambini haraka. Akamwambia dereva aizime, isije ikamshtua mnyama. Wakakaa siku tatu kwa biskuti na maji ya chupa, mpaka jioni ya tatu tembo akainua kichwa, mwanga ukamwangukia usoni, na kamera ikalia.

"Yule mama ndiye aliyenifundisha subira," mzee alizoea kumalizia, na kila mara sauti yake ilififia hapo hapo.

Wageni wakinyamaza kwa huzuni, mama, akikusanya vikombe, huuliza swali lake lile lile: "Na dume alikuwa wapi?"

Watu huvunjika mbavu. Mzee peke yake hacheki. Huangalia ndani ya kikombe chake na kueleza kwamba tembo dume hakai na watoto, ndivyo alivyoumbwa.

Binti alimkuta mama chumbani, akiipiga pasi suti ya mumewe. Haendi, lakini suti anainyoosha mpaka kwenye mishono. Binti alikuwa kifungua mimba, na kifungua mimba ana ruhusa ya kumsema mama yake, kwa hiyo aliketi kitandani akayatoa yote. Baba amesema kiti cha mbele kikibaki kitupu hafungui maonyesho. Baba hana miaka mingi ya kuona. Na wivu huu wa mnyama, tena mnyama wa kwenye karatasi, sasa umepita kiasi. Picha ya watu haigeuzwi ukutani kama mtoto aliyetiwa adabu.

Pasi ilisimama.

"Mimi naigeuza?" mama aliuliza. "Mwanangu, mimi kila siku naigeuza iwatazame watu. Nikitoka kwenda dukani, nikirudi naikuta imeangalia ukuta. Muulize baba yako. Mimi yule tembo nampenda. Tumezoeana."

Binti aliona haya, na kwa kuwa fundi wa vibao vya maelezo ya picha alikuwa anamngoja, alitoa daftari kuificha haya hiyo. Ilibaki picha moja tu kuandikiwa maelezo. Nyingine zote baba alizitajia siku na mahali bila kusita. Hii, iliyompa jina, alisema tarehe yake imemtoka kichwani.

Alimwuliza mama kwa mazoea tu, bila kutarajia jibu. Huyu ndiye mama aliyewapigia simu wajukuu kuwatakia heri ya kuzaliwa, mwezi mzima baada ya siku yenyewe.

Mama hakuinua uso.

"Kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita, mwezi wa sita. Ziandike zote tatu, zisomeke vizuri, nami nitakuja. Nitakaa hapo mbele."

"Umezikumbukaje, mama?"

Mama alichomoa waya wa pasi. Akafungua kabati, akapenyeza mkono chini ya mashuka mpaka mwisho, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, iliyolainika kama kitambaa kwa kufunguliwa na kukunjwa. Alimpa binti yake, akarudi kwenye suti na kuanza kuifunga vifungo, kimoja kimoja, kana kwamba kuna mtu ndani yake.

Kilikuwa kibali cha mazishi. Mtoto wa kiume, umri siku mbili, tarehe kumi na sita mwezi wa sita, miaka miwili kabla binti hajazaliwa. Penye sahihi ya baba, karani alikuwa ameandika neno moja: safarini.