Kipunji wa Atupele

Kila mtu aliruhusiwa kumwona kipunji mara moja tu maishani, ili kima wale wachache waliobaki wasichoshwe na macho ya watu. Anyosisye aliitunza nafasi yake tangu binti yake Atupele azaliwe. Hata baada ya talaka hakukubali kwenda peke yake.

Siku waliyofika langoni, mashine ilimsoma Atupele jicho, ikawaka taa nyekundu.

"Huyu ameshamwona," alisema askari wa hifadhi.

Atupele aliinamisha kichwa. "Baba wa kambo alinileta, nikiwa darasa la nne. Nilishindwa kukwambia, baba. Nenda tu, nitakusubiri hapa."

Anyosisye akaingia. Msituni, askari alimwonyesha juu ya mti kwa kidole. Matawi yakatikisika. Anyosisye akafumba macho, wala hakuyafumbua mpaka juu kule kulipokuwa kimya kabisa.

"Umemwona?" Atupele alimuuliza aliporudi.

"Nimemwona."

"Mzuri, eeh?"

"Mzuri sana." Akamshika mkono. "Hebu nisimulie wako alivyokuwa, mwanangu. Taratibu tu. Nataka kujua kama tumemwona yule yule."