Habari za Njiani

Siku hizi barabara haitengenezwi mpaka wazee waseme ni mbaya, na wanaporudi nyumbani, mlango unaopeleka taarifa zao kwa serikali husikiliza neno lao la kwanza tu.

Mume wangu Shekue alibebwa kutoka kwenye daraja bovu, damu zikimtoka masikioni. Mlango ukamwuliza, "Habari za njiani, mzee?" Akajibu kwa adabu aliyolelewa nayo: "Nzuri, ila daraja..." Ukamshukuru, ukafunguka. Tulimzika kesho yake.

Leo nilivuka daraja lile lile kwa kutambaa, huku nikijifunza kusema: mbaya, mbaya, mbaya. Nilifika kizingitini magoti yamechubuka. Mlango ukaniuliza kwa sauti ya Shekue, ambayo mimi mwenyewe niliomba uwekewe:

"Habari za njiani, mke wangu?"

"Nzuri," nikasema.