Kitendo cha Ambakisye

Kila nyumba iliyofiwa hupewa sanamu ya shaba inayorudia kitendo kimoja cha marehemu, na sheria hairuhusu kuizima. Mume wangu Ambakisye alizitengeneza hapa Tukuyu kwa miaka ishirini na sita. Alikuwa akikaa na wafiwa siku nzima mpaka ajue marehemu wao alivyomenya ndizi au alivyocheka.

Alipofariki, Tumpale, mwenzake wa karakana, alikuja na daftari.

"Pole, shemeji. Nyumbani alipenda kufanya nini?"

Nilifikiri sana. Alikuwa akirudi tumelala, na kuondoka chai haijachemka.

"Hata kumbeba mtoto?"

"Kamuulize Mama Sekela, aliyefiwa mwaka jana. Ambakisye alimjua mume wake mpaka alivyojikuna sikio."

Tumpale alicheka, kisha akaona aibu. "Lazima niandike kimoja, shemeji."

"Andika kuaga."

Sasa Ambakisye wa shaba amesimama mlangoni, ametupa mgongo, mkono unapanda na kushuka mchana kutwa.

Leo asubuhi binti yetu Subilaga alimpita akiwa na beseni la nguo. "Mama, hata sasa anaondoka tu."

Nilimwambia anyamaze, baba yake anachelewa kazini.