Miguu ya Mfalme

Salha alifika mazoezini wa kwanza, akapekua karata ambazo mwalimu wa maigizo alikuwa amempangia kila mchezaji, kila karata ikiwa na cheo chake cha kuigiza. Tunu, yule mgeni anayesifiwa kutwa, kapewa mfalme! Yeye kapewa karata ya mbili, cheo cha chini kabisa, mfagiaji. Akazibadilisha.

Zoezi likaanza. Salha, sasa mfalme, alikalia kiti akifoka na kuamrisha. Tunu alichukua ufagio, akafagia taratibu mpaka penye kiti. Akasimama, akangoja.

Salha akainua miguu.

“Hapo hapo!” mwalimu akaruka. “Mchezo wetu utaanzia hapo. Endelea, Tunu mwanangu.”

Tunu akainama, akafagia chini ya kiti polepole, wote wakimtazama. Miguu ya Salha ilianza kutetemeka hewani, naye hakujua amwombe nani ruhusa ya kuishusha.